Neno Fupi la Kuposea

Baba wa msichana niliyempenda alikuwa mwalimu wangu wa Kiingereza, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu mwenye akili atafute msichana mwingine.

Alinifundisha darasa la tano mpaka la nane. Shule ilikuwa upande wao wa mto, na sisi wa ng'ambo tulivuka kwa mtumbwi kila asubuhi na vitabu vichwani. Darasani nilikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo na kioo, nikaomba Mungu nisiulizwe. Siku moja aliniuliza jina la rangi ya anga. Nilijua jibu. Nililiona limekaa kwenye ulimi, likakataa kutoka. Mwalimu alingoja, akangoja, kisha akawaambia wenzangu, "Huyu akifa, tutajua baada ya wiki."

Shule yangu iliishia hapo darasa la nane. Sasa naziba pancha Garsen, karibu na njia panda ya kwenda Lamu. Kazi hiyo inanifaa. Tairi haikuulizi habari za nyumbani. Unaitia kwenye beseni la maji, unaikamua, inakuonyesha yenyewe mahali inapoumwa.

Binti wa Mwalimu alikuwa akiuza katika duka la dawa za mifugo, hatua chache kutoka kwenye beseni langu. Yeye ndiye aliyeanza. Kila asubuhi alinisalimia, nami nikainua pampu juu kama jibu. Baadaye akaomba namba yangu ya simu, na tukaanza kuandikiana. Mimi huandika polepole. Salamu yake ya asubuhi ilijibiwa adhuhuri, na kufikia hapo yeye alikuwa ameshauliza mambo mengine matatu. Lakini hakuchoka, na mimi sikuwahi kuwa na mtu ambaye hachoki. Baada ya misimu miwili ya mpunga tulikuwa tumeelewana kwamba watu wangu waende kwao.

Ndipo aliponiambia habari ya neno.

"Baba ana sharti," alisema, akiwa amesimama mbele yangu na chupa ya dawa ya kupe mkononi. "Anayenitaka aje na neno moja la Kiingereza."

"Neno gani?"

"Lolote. Uchague mwenyewe. Lakini lielezwe lote, lisibaki hata kipande."

Alinieleza kwamba kulikuwa na mwingine aliyekuja kabla yangu, kijana wa ofisini kutoka Hola, mwenye viatu vya kung'aa. Yeye alichagua neno refu sana la maendeleo. Chai ilikuwa haijapoa alipoanza kutafuta mahali mtumbwi ulipofungwa.

Nilikwenda nyumbani nikawaza. Niliona wazi kosa la yule mwenzangu: alichagua neno refu. Neno refu lina vyumba vingi, mtu anaweza kupotea ndani. Mimi nikatafuta neno fupi kuliko yote, lile tulilofundishwa darasa la pili kwa picha ya mtoto na mbwa wake. Nikamwandikia: "Neno langu ni run. Maana yake kimbia." Nilijiona nimemaliza kazi.

Jibu lilichelewa, na kwa kawaida yeye hachelewi. "Umemuuliza mtu yeyote kabla ya kuchagua?"

"Hapana."

"Nimeshamwambia Baba. Amecheka. Mama anasema hajamsikia akicheka hivyo tangu astaafu."

Jioni hiyo niliazima kamusi ya mchungaji wetu. Nilipofika kwenye neno langu nikadhani mitambo ya kuchapa ilikwama. Maana ya kwanza ilikuwa ileile ya mtoto na mbwa. Chini yake kulikuwa na nyingine, na chini ya hiyo nyingine, na nilipogeuza ukurasa bado walikuwa wakikimbia. Mto unakimbia. Pua inakimbia. Barabara inakimbia kutoka mji mmoja hadi mwingine, na kumbe haijaondoka popote. Mtu anakimbiza duka na amekaa kwenye kiti. Sukari ikiisha mtungini, inakimbia. Rangi ya nguo ikichuja, imekimbia. Nilifunga kamusi, nikaifungua tena, nikakuta hakuna hata moja iliyopungua.

Asubuhi nilimsomea rafiki yangu wa bodaboda, ambaye hukaa kwenye kijiwe changu akingoja abiria.

"Injini ikiwa inanguruma," nikamwambia, "Mzungu anasema inakimbia."

"Na pikipiki inaenda?"

"Hapana. Imesimama."

"Imesimama na inakimbia?"

"Ndiyo."

Aliitazama pikipiki yake kama mtu aliyeambiwa jambo baya kuhusu mkewe. "Na pua?"

"Ukiwa na mafua, pua inakimbia."

"Inaenda wapi na mimi niko hapa? Wee, maze, hawa watu hawana maneno mengine?"

Mfugaji mmoja wa Kiorma alikuwa pembeni akingoja tairi yake. Alikuwa amefunga mitungi ya maziwa nyuma ya pikipiki na alikuwa ametusikiliza muda wote bila kugeuza shingo. "Sisi," alisema, "ng'ombe ana jina kwa kila rangi, kwa kila doa, kwa kila pembe iliyopinda. Hao wana jina moja kwa vitu vyote. Ng'ombe wao akipotea, wanaulizana vipi?"

Nikamrudishia tairi yake, naye akaenda zake akitikisa kichwa kwa ajili ya ng'ombe wa Wazungu.

Kujifunza kulikuwa nusu ya taabu. Nusu ya pili ilitokana na mila. Katika ukoo wetu, mposaji hasemi ukweni. Anakaa, anatazama miguu yake, na wazee wake ndio wanaosema kwa niaba yake, mpaka wenye nyumba wampe kuku. Tunamwita kuku wa mdomo. Akishapewa, anaruhusiwa kusalimia. Akisema kabla ya hapo, wazee wake wameaibika na posa inaweza kurudishwa. Maisha yangu yote nimeona mila hiyo ndiyo nzuri kuliko zote tulizoachiwa. Ila sasa ilikuwa na maana kwamba neno langu la Kiingereza lingeelezwa na mjomba wangu.

Mjomba analima mpunga na ndizi pale Wema. Ni msemaji. Mazishini watu humwomba aseme kidogo, kisha humwomba aache. Lakini Kiingereza chake kina maneno mawili, "yes" na lile la mbolea.

Nilimfundisha shambani, yeye akipalilia, mimi nikimfuata nyuma na kamusi. Hakutaka kukariri. Kila maana aliitafutia mtu.

"Pua?"

"Mtoto wa jirani yetu."

"Kuendesha duka?"

"Yule mwenye duka, mnene."

"Kuishiwa na kitu?"

"Sisi."

"Rangi kuchuja?"

"Kanga ya shangazi yako, ile aliyoifua pamoja na shati langu jeupe. Endelea."

Nilisita kwenye iliyofuata. "Kugombea kiti. Uchaguzini. Huyo naye anakimbia."

Mjomba aliegemea jembe. Tukatazamana.

Inanipasa nieleze. Mwalimu alipostaafu aligombea uwakilishi wa wadi yetu. Alikuja kijijini kwetu mara nyingi. Tulimwimbia, tukala mbuzi wake, tukamwahidi kwamba wa upande wetu wote ni wake. Mjomba ndiye aliyeongoza kuimba. Siku matokeo yalipotangazwa, Mwalimu alikuwa amepata kura moja katika kituo chetu. Moja. Angepata sifuri, angesema ameibiwa na angelala vizuri. Ile moja ndiyo iliyomtesa, kwa sababu ilionyesha kwamba masanduku yalikuwa mazima na hesabu ilikuwa ya kweli. Tangu siku ile hakuwahi kuvuka kuja kwetu, ila mazishini tu.

"Mjomba, hiyo tuiruke," nikasema.

"Ipi?" akasema. "Nimeshaisahau."

Tulivuka Jumamosi: Mjomba, jirani yetu mmoja mzee, na mimi, pamoja na sukari, majani ya chai na kanga ya mama wa msichana. Mwalimu alitupokea barazani. Sisi tulipewa viti. Yeye alisimama, mikono nyuma, kama siku zote alipotusomea imla. Jikoni nyuma ya ukuta wa miti walikuwamo mkewe na binti yake. Nilijua wanasikiliza kwa sababu hakuna chombo kilichogonga kingine.

"Nasikia mmeleta neno," Mwalimu alisema.

"Tumeleta, Mwalimu," Mjomba akasema, "na tumelileta zima."

Akaanza. Sitadanganya, alianza vizuri kuliko nilivyotarajia. Mto unakimbia, akaonyesha kwa mkono hadi kule ulikokuwa umehama na kuacha mashamba ya babu yake makavu. Pua inakimbia, akaeleza ya mtoto wa jirani, na jirani mwenyewe, ambaye ndiye tuliyekuja naye, akakubali kwa kichwa. Duka. Injini. Barabara. Mwalimu alikuwa akisema "Endelea" kwa kila moja, na kila "Endelea" ilimpandisha Mjomba kichwa. Alipofika kwenye kanga ya shangazi alisimama kabisa akaonyesha shati lake, ambalo bado lina wekundu kwapani. Nikasikia mtu anacheka jikoni, na nikamjua.

Kisha Mjomba akakaa. "Basi. Ndiyo hayo."

"Bado," Mwalimu akasema.

"Bado?"

"Umeacha moja. Kubwa. Nangoja."

Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu, kama inavyotakiwa. Jirani akakohoa. Mwalimu alingoja kwa namna niliyoikumbuka, ile ya rangi ya anga.

"Kuna," Mjomba akasema, "kuna ile ya mtu kukimbilia kiti."

"Sawasawa. Toa mfano."

Nadhani angepewa muda angetafuta mfano wa mbali, wa Nairobi au Marekani. Lakini mjomba wangu amezoea kutafuta mtu wa karibu.

"Kama wewe, Mwalimu," akasema. "Ulivyokimbia, na..."

"Na?"

"Na hukufika."

Kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni, kikazunguka, kikazunguka, na sote tukakisikiliza mpaka kikatulia.

Kwa mara ya kwanza Mwalimu aliketi. "Kwenu nilipata kura ngapi?"

"Moja," Mjomba akasema kwa sauti ndogo.

"Ya nani?"

"Yangu!" Mjomba alijibu upesi, kama mtu aliyepewa kamba majini. "Wallahi, ile ilikuwa yangu."

"Hata Muislamu si wewe, mbona unaapa wallahi? Na huyu mwenzako aliniambia maneno hayohayo tulipomzika mwenye mtumbwi. Siyo, mzee?"

Jirani aliona jambo la kutazama juu ya paa.

"Mwenye duka wenu aliniambia ni yeye. Fundi wa baiskeli aliniambia ni yeye, na mkewe akanivuta pembeni akaniambia ni yeye. Kijiji kizima kilinipa kura moja, na kijiji kizima ndicho kilichoipiga!" Akainuka. "Neno mmelijua. Nakubali. Lakini huyu ni mtoto wangu wa pekee. Siwezi kumpeleka kwa watu ambao hata siku moja sitajua wanaposema kweli. Chukueni sukari yenu. Mto haujajaa, mtavuka salama."

Mjomba alifungua mdomo na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, haukutoa kitu. Jirani alikuwa ameshashika kofia. Nikaona vizuri kinachotokea: tutateremka mpaka mtoni, watanipakia kama mzigo, na Jumatatu asubuhi nitainua pampu yangu na kule dukani hapatakuwa na wa kunisalimia.

"Ilikuwa yangu," nikasema.

Sikuitambua sauti. Mjomba aliitambua. "Nyamaza wewe! Hujapewa kuku!"

"Mwache," Mwalimu alisema. Akanigeukia polepole. "Naam, wewe wa dirishani. Kumbe una sauti. Sema tena."

"Kura. Ilikuwa yangu, Mwalimu."

"Nawe umejiunga nao. Haya. Kwa nini ulinichagua? Kwa sababu ya barabara niliyoahidi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Zahanati?"

"Hapana."

"Kwa sababu nilikufundisha?"

"Hapana, Mwalimu." Hii niliisema upesi kuliko adabu inavyoruhusu.

"Basi kwa nini?"

Jasho lilikuwa linanitoka mpaka magotini. Lakini nilikuwa nimeshaharibu mila, posa na jina la mjomba wangu. Hapakuwa na kingine cha kuharibu. "Binti yako alikuwa wakala wako kituoni kwetu. Alikuwa ameketi karibu na sanduku, amevaa ile beji. Nilipoingia kibandani nilidhani anaona ninapotia alama. Nikaona haya."

"Ukaona haya."

"Ndiyo. Nikatia yako."

"Na asingekuwepo?"

"Ningempa yule mwingine. Alikuwa amenipa kofia."

Mjomba alifumba macho kama mtu anayesubiri mti umwangukie. Mwalimu akanisogelea hatua moja. Alinitazama hivi, akanitazama vile, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Wote," akasema hatimaye, "wote walionijia walisema ni kwa sababu ya sera zangu. Hakuna hata mmoja aliyejisingizia ujinga wa namna hii." Akavuta pumzi. "Huyu ndiye."

Hapo sauti ya binti yake ikatoka jikoni. "Lakini Baba, mimi sikuona kitu."

"Nyamaza, mwanangu," mama yake akamwambia, ila alikuwa amechelewa.

"Sikuona, nasema kweli. Nilikuwa nimelala. Ulinikeshesha nikinakili hotuba yako ya ushindi. Nilikaa pale kitini nikalala mpaka wakanigusa kufunga mlango."

"Wakala wangu," Mwalimu akasema, "alilala?"

Mjomba alifumbua macho. Niliona uhai ukimrudia kuanzia masikioni. Akasimama, akainua kidole kimoja taratibu. "Mwalimu. Kumbe! Huenda sisi sote tulikupigia. Sasa kama mlinzi alikuwa amelala, zile kura zetu nani ajuaye zilikokwenda?"

Mwalimu akamwonyesha kiti.

"Kaa chini," akamwambia.

Mjomba akakaa.

Sauti ya kwanza iliyofuata ilikuwa ya mama wa msichana, akicheka. Hakujaribu kujificha tena. Alitoka na sinia la wali, mashavu yamelowa, akaliweka mbele yetu na kusema kwamba yeye ameshasikia neno hilo la kukimbia mpaka miguu inamuuma, na kama kuna aliye na maana nyingine aimeze pamoja na samaki. Halafu akanipa kuku mwenyewe, kwa mkono wake, japokuwa kwa haki nilikuwa nimeshampoteza. Mjomba alitaka kulijadili hilo kimila. Hakuna aliyemsikiliza.

Mwalimu alikula bila haraka. Nilijua posa imepita, kwa sababu ile sukari ilikuwa imeshachukuliwa ikapelekwa ndani, lakini yeye mwenyewe hakuwa ametamka kwamba amekubali. Alipomaliza, alinawa, akasema, "Uchaguzi ujao nitasimama tena. Ng'ambo kwenu nahitaji mtu. Aende nyumba kwa nyumba, aketi na watu, awaeleze habari zangu."

Nikatazama pembeni kuona anamwambia nani.

"Na siku yenyewe akae kituoni. Macho wazi," akaongeza, akitupa jicho jikoni. "Harusi ni baada ya mavuno. Kazi inaanza kesho kutwa."

"Mwalimu," nikasema, "mimi kuongea na watu..."

"Ndiyo. Nyumba kwa nyumba."

Nimeshafika nyumba ya saba. Katika ile ya kwanza nilisimama mlangoni mpaka mwenyewe akadhani nimekuja kuomba chumvi, akanipa chumvi, nikaipokea, nikashukuru, nikaondoka. Ya pili nilikwenda na mchumba wangu. Yeye aliongea, mimi nikaitikia, na mle ndani tulinyweshwa maji ya ndimu na kuahidiwa kura tano katika nyumba yenye watu watatu. Nimeziandika kama tatu. Mwalimu alifurahi, akasema ninajifunza.

Jana ilikuwa zamu ya nyumba ya Mjomba. Nilikaa, nikakohoa, nikamweleza habari ya barabara na zahanati kama nilivyofundishwa, mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka. Alinisikiliza kwa heshima kubwa. Nilipomuuliza kama Mwalimu ahesabu kura yake, alinikumbusha kwamba kura ni siri ya mtu na Mungu wake, kisha akauliza kama safari hii kutakuwa na mbuzi.